Heather Headley: maswali mnayouliza kila mara na majibu yake

Kila Netflix wakitoa msimu mpya wa tamthilia ya Sweet Magnolias maswali yanaanza upya. Mtu kamuona Helen, yule mwanasheria, anauliza huyu dada ni nani mbona hata akiongea tu sauti inajaa chumba, mwingine anamjibu si ndo yule wa wimbo wa I Wish I Wasn't, wa tatu anakuja juu anasema nyie hamjui kitu huyo ni Nala wa The Lion King ya Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York. Wote mko sawa, ni mtu mmoja, Heather Headley. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, mengine jibu lake mstari mmoja tu, mengine nimeshindwa kujizuia mtanisamehe.

Ni Mmarekani au wa wapi?

Mzaliwa wa Trinidad, 5 Oktoba 1974, kakulia Barataria pembeni ya Port of Spain. Baba yake mchungaji, na yeye kama watoto wengi wa wachungaji kaanza kuimba kanisani kabla hajajua kwamba kuimba ni kazi ya kulipwa. Alipofika miaka 15 hivi baba akapata kanisa Fort Wayne, Indiana, familia nzima ikahama, kutoka kisiwa cha kalipso na kanivali mpaka mji wa katikati ya Marekani wenye baridi la theluji. Akasoma Northrop High School na huko ndo steji ikamnasa, kwenye igizo la shule wakampa nafasi ya Fanny Brice wa Funny Girl, nafasi ile ile iliyompaisha Barbra Streisand miaka ya 60. Sasa Fanny Brice ni Myahudi wa New York, mchekeshaji, na wanayempa amcheze ni binti mweusi aliyetoka Karibi juzi tu. Mwalimu aliyepitisha uamuzi ule anastahili soda.

Ni kweli aliacha chuo?

Kweli kabisa. Alikuwa Northwestern, kile chuo cha Evanston jirani na Chicago, anasomea mambo ya jukwaa, hajamaliza ikaja kazi ya igizo la muziki la Ragtime kule Toronto, akaenda. Wazazi najua mnasoma hapa kwa jicho kali lakini ndo hivyo, igizo kubwa jipya likianza kuajiri halisubiri mahafali ya mtu.

Huko Toronto alicheza nani?

Ukiangalia majina ya juu kwenye kasti hutamuona. Alikuwa kwenye lile kundi la nyuma linaloimba na kucheza, na hapo hapo alikuwa andastadi wa Audra McDonald aliyecheza Sarah. Andastadi ni yule anayeijua nafasi ya mtu mwingine neno kwa neno na noti kwa noti, anajua asimame wapi taa ikiwaka, atokee mlango gani, avue nini, na kila jioni anakaa tayari kwa jambo ambalo pengine halitatokea. Mwenye nafasi akiamka na homa wewe unapigiwa simu saa nane mchana na saa mbili usiku uko mbele ya watu. Asipougua unaimba sehemu yako ya nyuma unaenda kulala, na kesho tena hivyo hivyo. Afu kuna wanaoitwa swingi, hao ni balaa zaidi maana mmoja anakariri nafasi za watu kadhaa wa kundi, leo yuko kushoto kesho kulia, na magazeti hayawaandiki kabisa. Mimi nikiangalia igizo lolote hao ndo nawapigia makofi ya kwanza kimoyomoyo. Ila hili jina la Audra McDonald lishike, tutalihitaji chini.

Kwa hiyo yeye ndo Nala wa kwanza?

Nala mtu mzima wa kwanza, ndio. The Lion King ilionjwa kwanza Minneapolis katikati ya 1997, yani walipelekewa wao waonje kabla ya New York, na Broadway ikafunguliwa 13 Novemba 1997 kwenye ukumbi wa New Amsterdam, dada wa watu ana miaka 23 tu. Kwenye katuni ya 1994 Nala hana wimbo wa peke yake, kwenye steji wakampa Shadowland, pale anapoaga nchi iliyokauka baada ya Scar, yule simba mfalme mwovu, kuanza kumtolea macho. Ni muziki ambao mizizi yake ni kazi za Lebo M wa Soweto na Hans Zimmer. Na hapa ndo watu wengi hawaelewi raha ya kuwa wa kwanza: wimbo ukiwa bado mbichi unarekebishwa kwa aliyepo chumbani, kama koo lake linang'aa sehemu fulani basi wimbo unasogezwa huko, wanaokuja baadaye wanakuta nguo imeshashonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Igizo lilichukua Tony, tuzo kubwa kabisa za Broadway, ya igizo bora la muziki 1998, na mwongozaji wake Julie Taymor akawa mwanamke wa kwanza kushinda Tony ya kuongoza igizo la muziki. Heather hakuteuliwa hata.

Nala anaimba Kiswahili?

Hapana jamani. Simba, Rafiki, Pumbaa na hakuna matata ni vya kwetu, hilo halina ubishi, ila ule wito wa mwanzo kabisa ni Kizulu, na kwaya inayomjibu Nala kwenye Shadowland inaimba lugha za kusini huko, ukoo wa Kisotho na Kitswana. Igizo lenyewe limezunguka, Johannesburg lilifika 2007 na Abu Dhabi 2022, wenzetu mlioko Ghuba mliobahatika kuingia mnajua ninachosema.

Tony alipata kwa kazi ipi?

Aida, mwaka 2000. Hii ndo kazi ya maisha yake mpaka leo, kwa maoni yangu, na nitaisema kwa urefu.

Muziki ni wa Elton John, maneno ya Tim Rice, ilifunguliwa Broadway 23 Machi 2000 ukumbi wa Palace. Aida ni binti wa mfalme wa Nubia, katekwa na Wamisri kafanywa mtumwa na hakuna anayejua yeye ni nani. Radames, kapteni aliyemteka, anampenda, na yeye anampenda, na wakati huo huo Radames ana uchumba na Amneris binti wa Farao. Wanubi wenzake mateka wakishamjua wanataka awaongoze. Yani mtu yuko katikati ya watu wake na mwanaume anayemiliki pingu zao.

Sikiliza ule wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, The Gods Love Nubia. Anauanza yeye karibu peke yake, taratibu, kama mtu anayesema jambo ambalo hana uhakika nalo, hajalazimisha kitu, afu mwingine anaingia, afu kundi lote linaupokea na mpaka mwisho ni kanisa. Ukitaka kusikia mtoto wa mchungaji alikotokea ni pale. Na sehemu ya pili kuna Easy as Life ambapo anajishawishi amuache Radames, unaanza chini kabisa kwenye sauti ya kifua karibu anaongea, unapanda, unapanda, na kule juu hapigi kelele, anasukuma ile sauti kubwa huku bado unamsikia anafikiri. Waimbaji wenye sauti kubwa ni wengi sana. Wanaofikiri huku wanaimba kwa nguvu ile, hapo foleni inapungua.

Wakosoaji wengi igizo lenyewe hawakulipenda na halikuingia hata kwenye kuwania igizo bora la mwaka. Lakini Tony nne likapata: muziki, mandhari ya jukwaa, taa, na yeye. Na walioshindana naye kwenye mwigizaji bora wa kike wa igizo la muziki ni Toni Collette, Rebecca Luker, Marin Mazzie na, hapa sasa, Audra McDonald. Audra wakati huo ana Tony tatu kabatini. Aliyekuwa anakaa nyuma Toronto kusubiri kama Audra ataugua akaondoka na tuzo mbele yake, ana miaka 25.

Kwa hiyo yeye na Audra ni maadui?

Acheni uchonganishi. Audra baadaye akafikisha Tony sita za uigizaji, ana shida gani. Na wote wawili wamo kwenye filamu ya Respect ya 2021 inayohusu maisha ya Aretha Franklin, Audra ni mama yake Aretha, Heather ni Clara Ward, yule muimba gospo.

Aida hii ndo ile opera ya Verdi?

Hadithi ndo hiyo hiyo, muziki hauhusiani hata kidogo. Ya Verdi ilioneshwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871. Hii ya Broadway ilipitia kitabu cha watoto alichokiandika Leontyne Price, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Aida wa opera na mmoja wa wakubwa kabisa.

Ile stori ya kuanguka na kaburi ni kweli au watu wanatunga?

Kweli. Novemba 1999 Chicago, igizo bado linajaribiwa kabla ya kwenda New York. Mwisho wa hadithi Aida na Radames wanazikwa hai, na kaburi lilikuwa ni kama sanduku linaloning'inia hewani, yeye na Adam Pascal aliyemcheza Radames wako ndani, likaachia na kushuka chini likiwa nao. Shoo ikakatishwa pale pale, wakakimbizwa hospitali, bahati nzuri hawakuumia vibaya. Na miezi michache baadaye wakafungua Broadway kama kawaida. Mimi lifti ikikwama dakika mbili tu naanza kupanda ngazi wiki nzima.

Kwa nini hakuna video nzima ya Aida akiwa yeye?

Kwa sababu maigizo ya Broadway kwa kawaida hayatolewi kama filamu. Haki za waandishi, za chama cha waigizaji, za wanamuziki, zote zinalipwa upya ukirekodi, na wenye igizo wanaogopa watu wataacha kununua tiketi. Maktaba ya umma ya New York tangu 1970 inarekodi maigizo kwa ajili ya kumbukumbu, lakini unaangalia ukiwa pale pale Lincoln Center na uwe na sababu ya utafiti, huondoki na kitu. Vipande mnavyoona YouTube vingi ni vya sherehe za Tony na vipindi vya asubuhi vya tivii, vingine ni simu ya mtu aliyejificha chini ya koti na hivyo mimi siweki linki yake.

Kinachobaki kwa sisi wengine ni albamu ya kasti, yani nyimbo za igizo zilizorekodiwa na waigizaji wenyewe. Ya Aida ilishinda Grammy ya albamu bora ya igizo la muziki, 2001.

Kama alikuwa mkali hivyo mbona akaondoka Broadway?

Aliondoka Aida Septemba 2001 na kwa karibu miaka 15 hakurudi kwenye igizo la Broadway. Jibu fupi ni kwamba alitaka kuimba kama yeye, sio kama Nala wala Aida. Oktoba 2002 akatoa This Is Who I Am, R&B tupu, He Is ilipigwa sana na I Wish I Wasn't ndo ile inayowaliza mpaka leo, na kwenye Grammy za 2004 akateuliwa msanii mpya bora. Msanii mpya! Mtu ana Tony nyumbani tayari. Mwaka ule walishinda Evanescence, na 50 Cent na Sean Paul walikuwa humo humo wakiwania, oneni mchanganyiko. 2006 ikaja In My Mind.

Maoni yangu, na najua kuna watakaonuna, ni kwamba zile albamu mbili ni nzuri lakini studio ilimbana. Redio ya miaka ile ilitaka sauti nyororo ya kuegemea biti, na yeye ni mtu wa kukujengea jambo taratibu dakika nne ndo akufungulie mlango.

Ile Grammy aliyoshinda yeye mwenyewe ni ya R&B basi?

Hapana, ni ya gospo. Audience of One, 2009, ikashinda Grammy za 2010 upande wa gospo yenye mahadhi ya R&B. Alirudi alikotokea akapewa tuzo.

Aliwahi kufanya London?

Ndio, Desemba 2012 alifungua The Bodyguard ukumbi wa Adelphi, yeye ni Rachel Marron, ile nafasi ya Whitney Houston kwenye filamu ya 1992. Whitney alikuwa amefariki Februari mwaka huo huo. Hebu jiweke pale, watu wamekaa kwenye viti na kila mmoja ana sauti ya marehemu kichwani, wewe unatoka kuimba nyimbo zake. Wakamteua Olivier, ambazo ndo Tony za Uingereza. Hakushinda. Aliyempokea nafasi ni Beverley Knight, 2013.

Broadway alirudi lini?

Mei 2016, The Color Purple, akampokea Jennifer Hudson kama Shug Avery, na mhusika mkuu Celie akiwa Cynthia Erivo. Msimtafute kwenye albamu ya igizo lile, ilirekodiwa kabla hajaingia. Hii ndo hasara ya kupokea nafasi badala ya kuifungua: unaimba kila usiku, watu wanalia, na hakuna hata noti yako moja inayobaki dukani.

Na kwenye albamu ya Into the Woods mbona yule mchawi sio yeye?

Mei 2022 alimcheza mchawi pale New York City Center, zile shoo za muda mfupi wanazoita Encores!, igizo lilipohamia Broadway nafasi ilikuwa ya Patina Miller na albamu wakarekodi hao wa Broadway. Ni yale yale ya swali la juu.

Shoo nane kwa wiki, anaimba kweli au ni pleibeki?

Anaimba kweli, wote wanaimba kweli, okestra iko pale chini ya steji. Kimaiki kidogo kinafichwa kwenye nywele karibu na paji la uso, waya unashuka mgongoni chini ya nguo. Ratiba ya kawaida ni Jumatatu mapumziko, Jumatano na Jumamosi mara mbili kwa siku, na Jumapili mchana. Kwa hiyo Easy as Life unaimba Jumamosi mchana, unakula kidogo, na usiku unaiimba tena kama hujawahi kuiimba. Msanii wa tamasha akikwaruzika anageuza maiki kwa mashabiki wamsaidie, wa jukwaa hana mlango huo. Ndo maana wengi wanaishi kama watawa: maji muda wote, mvuke, usingizi, siku ya mapumziko simu hazipokelewi, baa yenye kelele hukanyagi kwa sababu kuongea juu ya muziki kunachosha koo kuliko hata kuimba. Watu wanaona gauni na maua tu.

Kwa nini hajulikani kama wenzake?

Swali hili linaniudhi kidogo ila nalijibu. Umaarufu wa jukwaa haufanani na wa redio. Ukumbi unachukua watu elfu moja na mia kadhaa, ukijaza kila usiku mwaka mzima bado duniani hujulikani. Na nafasi haibaki kuwa yako: Aida baada yake wamemcheza Simone binti wa Nina Simone, Toni Braxton, Michelle Williams wa Destiny's Child, Deborah Cox, mpaka igizo linafungwa 5 Septemba 2004 baada ya shoo 1,852. Majina makubwa ya redio yalikuja kukaa kwenye kiti alichokichonga yeye. Ukinihoji mimi nani mkubwa, mwenye kiti au aliyekichonga, jibu langu mnalijua.

Na kila mara alipokuwa anashika moto mahali alihama, kutoka jukwaani kwenda R&B, huko akahamia gospo, London, afu tivii, alikuwa pia mmoja wa wakuu wa hospitali kwenye tamthilia ya Chicago Med kabla ya Sweet Magnolias kuanza Mei 2020. Mameneja wangesema amevuruga chapa yake. Mimi naona mtu aliyeanza 1996 na 2025 bado ana msimu mpya Netflix hajavuruga kitu.

Ameolewa?

Ndio, tangu 2003, na Brian Musso aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani. Wana watoto. Zaidi ya hapo ni mambo ya nyumbani kwake.

Sijawahi kumsikia, nianzie wapi?

Anza na albamu ya kasti ya Aida na usiruke kwenda kwenye nyimbo maarufu, isikilize kwa mpangilio maana ni hadithi. Ukipata hamu nenda Shadowland kwenye albamu ya The Lion King ya Broadway, sio ile ya filamu, watu wanachanganya kila siku. Wapenzi wa R&B anzeni na I Wish I Wasn't, wa gospo Jesus Is Love aliyoimba na Smokie Norful. Broadway My Way ya 2018 ni nyimbo za jukwaani alizozichagua mwenyewe akiwa mtu mzima, sauti imeshuka kidogo na imekuwa tamu zaidi chini. Na kama unataka kumuona akiimba laivu kuna The Prayer na Andrea Bocelli, ile ya tamasha la Tuscany, imerekodiwa vizuri kabisa, vaa hedifoni, spika ya simu itakunyima nusu ya sauti yake.